Mahindi ya Mradi au ya Programu

Mtu akiniuliza kazi yangu, nasema mimi ni meneja wa mradi, na kabla sijafunga mdomo ananiuliza kama kuna nafasi ya mtoto wake. Neno hilo meneja limeniponza kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuugua. Kwetu Bungoma, meneja ni mtu ambaye akisema kitu kiwe, kinakuwa. Hakuna anayeuliza ni meneja wa nini. Ukiwaambia kuna meneja wa mradi na kuna meneja wa programu, na kwamba hao ni watu wawili wenye viti viwili katika miji miwili, watakutazama tu, kisha watakuuliza kama umekula.

Tofauti yenyewe si ngumu. Mimi nilipewa kitu kimoja: nijenge draya, ile mashine kubwa ya kukaushia mahindi, pale kijijini Kwanza, Trans-Nzoia. Kitu hicho kina mwanzo na kina mwisho. Nilipewa kiwanja, nikapewa mafundi, nikaambiwa lini niwe nimemaliza. Nikimaliza nakabidhi funguo, naondoka. Bosi wangu, mama mmoja aliyekaa ofisi ya Bungoma na ambaye sote tulimwita Madam, hakujenga chochote. Yeye ndiye aliyekuwa meneja wa programu. Alishika miradi yote kwa pamoja: draya yangu Kwanza, tangi la kupozea maziwa kule Endebess, na laini ya stima, yaani umeme, ya kulisha hivyo viwili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitu hivyo vikikutana, mkulima anaona nafuu. Mimi ningeweza kumaliza kazi nikapigiwa makofi hata kama hakuna mkulima aliyefaidika na chochote. Yeye asingeweza. Ndivyo tulivyopangiwa, na siku naanza kazi nikiwa na chumba changu kimoja cha ofisi hapo Kitale, niliona ni mpango mzuri sana. Sasa nikikumbuka nasikia hasira mpaka kichwa kinauma.

Huko Kwanza nilikuwa na shangazi. Ni dada mdogo wa baba yangu, aliolewa huko zamani, akafiwa na mume, akabaki na shamba na wajukuu. Mimi nina jina la babu, yaani jina la baba yake, na kwa sababu hiyo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni ananiita baba. Si mzaha. Nikifika kwake ananipa kiti cha mwenye nyumba, na kuku akichinjwa firigisi ni yangu. Nilipokuwa mdogo nikikosea, hakunichapa. Alikuwa akisema, "Baba, mbona unaniaibisha?" na hiyo ilinitosha kulia.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake ambao draya ilijengwa kwa ajili yao. Sikumweka mimi, nilimkuta. Na mkutano wa kwanza, nilipomaliza maelezo yangu marefu na wanawake wakawa wananitazama bila imani, yeye alisimama akapanga leso yake kiunoni. "Hii mashine mnaogopa nini?" akawauliza. "Huyu ni baba yangu mzazi. Ndiye meneja. Akisema itawaka, itawaka." Wanawake wakacheka, na wakaanza kuuliza maswali ya maana. Nilijivuna siku hiyo. Niliendesha pikipiki ya kazi kurudi Kitale nikiimba.

Lazima nieleze jinsi mahindi yanavyovunwa huko, maana hapo ndipo balaa ilipoingilia. Trans-Nzoia mtu hakimbilii kupukuchua. Mahindi yakikomaa anakata mabua na kuyasimamisha pamoja shambani kama vibanda vidogo, na yakishasimama hivyo yanaweza kungoja. Mvua ikinyesha inateremka juu ya majani, mahindi ndani yanabaki salama. Mtu anangoja jua, ndipo anayatoa, anaita trekta ya kupukuchua. Ukipukuchua mahindi yakiwa na maji ndani na huna mahali pa kuyakausha, umejitia kitanzi. Kila mtoto wa Kwanza anajua hivyo.

Na bado kikundi cha shangazi kilipukuchua mapema, mahindi yote, yakiwa mabichi. Hakuna aliyewaambia. Si mimi, si Madam, si mtu yeyote wa programu. Tuliwaambia tu kwamba draya ikikamilika wageni watakuja kuifungua, wageni wakubwa wa wafadhili. Na hapo Kwanza, na hata kwetu Bungoma, hakuna mwanamke mwenye akili timamu anayepokea mgeni ghala likiwa tupu. Hiyo ni aibu ambayo watoto wako watachekwa nayo kisimani. Mgeni akija kuona mashine ya mahindi, aone mahindi. Kwa hiyo wakavunja vibanda shambani, wakaita trekta, wakapukuchua yote, wakajaza ghala jipya la draya mpaka karibu na mabati. Nilipofika nikaona magunia yamepangwa vile, na wanawake wamefagia uwanja mpaka unang'aa, sikuwa na wasiwasi wowote. Draya ilikuwa tayari. Feni ilikuwa imefungwa, tanuri limefungwa, rangi imekauka. Ilikuwa imebaki stima tu, na transfoma ilikuwa njiani.

Transfoma haikufika. Simu ndiyo iliyofika, ya Madam.

"Transfoma imekuja moja," akaniambia. "Tuliahidiwa mbili, imekuja moja. Nimeipeleka Endebess."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala. Nikamwambia, "Madam, mahindi yako ndani ya magunia. Yamepukuchuliwa. Yana maji."

"Nani aliwaambia wapukuchue?"

"Hakuna. Wanangojea wageni."

Kisha akaniambia kwamba maziwa ya Endebess yanaharibika kila siku jua likichwea, na wakulima wanayamwaga mtaroni, na tangi lipo pale halipozi. Mahindi yanaweza kungoja wiki kadhaa, maziwa hayawezi kungoja chakula cha jioni. Wageni ameshawaambia wasogeze safari yao. Alizungumza polepole, bila dharau. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angenitukana ningejua pa kumshika.

Siku hiyohiyo nilikwenda Bungoma. Nilipita Kamukuywa mvua ikiwa imeshikilia barabara nzima, nikafika ofisini nikiwa nimelowa chapachapa, matope mpaka magotini. Madam alinipa taulo. Alinikalisha, akaniitishia chai, akafungua ramani ukutani na kunionyesha. Endebess hapa, Kwanza hapa, laini ya stima inapita hapa. Nikamwambia sitaki ramani, nataka transfoma. Nikamwambia nilipewa kazi ya kujenga draya nikaijenga, ikamalizika siku niliyoahidi, na sasa inasimama pale kama sanamu kwa sababu mtu wa ofisini ameamua maziwa ni matamu kuliko mahindi. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Msichana wa mapokezi alichungulia akarudi.

"Wewe unatazama draya," Madam akasema. "Kazi yako ni hiyo, na umeifanya vizuri. Mimi siwezi kutazama draya peke yake. Nikikupa wewe, yule wa Endebess atakuja kukaa kwenye kiti hichohicho anipigie kelele hizohizo, na yeye atakuwa na haki."

"Basi atulie, mahindi yanaoza."

"Na maziwa?"

Niliitazama tena ile ramani. Akaniambia transfoma ya pili itakuja, ataifuatilia kila siku, na akaifuatilia kweli, nilikuja kujua baadaye. Nilikunywa chai yake ikiwa imepoa. Nikatoka hapo nikimchukia, na nikijichukia kwa sababu sikuona kosa lake.

Niliporudi Kwanza, shangazi alinishika mkono bila kunisalimia, akaniingiza ghalani, akafungua gunia la katikati. "Weka mkono, baba." Nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto, joto la uji uliofunikwa. Mahindi yakianza kupata moto hivyo yenyewe kwa yenyewe, ujue yameanza safari mbaya. Nilitoa mkono nikajipangusa kwenye suruali. Wanawake wengine walikuwa wamesimama nje kwenye ukingo wa paa, wakikinga mvua, na wote walikuwa wakinitazama mimi, si shangazi.

"Stima inakuja lini?" shangazi akaniuliza.

Nikajaribu kumweleza. Nilimwambia stima si yangu, stima ni mradi mwingine. Mimi ni wa draya. Anayeunganisha draya na stima ni meneja wa programu, naye ameamua stima ianzie Endebess. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa lugha ya nyumbani, nikidhani labda ingeingia zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Shangazi hakatizi mtu.

"Kwani mameneja mko wangapi?" akauliza.

"Wawili, shangazi. Mimi wa mradi, yeye wa programu."

"Sasa hii mahindi yangu ni ya mradi ama ni ya programu?"

Naapa nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni ya programu, kwa sababu mradi ni draya na draya imekwisha. Nilitaka kusema ni ya mradi, kwa sababu yamo ndani ya ghala nililojenga mimi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata ningesema asingesikia vizuri. Nikamwambia, "Ni yako, shangazi," na hata mimi nilijua hilo si jibu.

Tukahangaika. Nilikodi jenereta kubwa kuliko zote zilizopatikana Kitale, nikaileta kwa pikapu, wanawake wakaipokea kwa vigelegele. Fundi akaunganisha, akawasha, feni ya draya ikageuka taratibu, ikajikokota, jenereta ikakohoa ikazima. Tukajaribu tena, ikazima. Fundi akasema feni ile inataka nguvu ya stima ya laini kubwa, hii ya kukodi ni ya harusi, ya kuwashia spika na taa. Vigelegele viliisha. Mmoja wa wanawake akasema, "Si hata haijapiga muziki," na wachache wakacheka kwa uchovu tu.

Baada ya hapo ikawa ni jua na turubai. Asubuhi wingu likiachia jua tunabeba magunia, tunamwaga uwanjani, tunatandaza kwa mikono na miguu. Kabla ya saa nane mlima Elgon unajifunika, upepo unageuka, na mtu mmoja anapiga kelele, basi tunakusanya, tunabeba, tunarudisha ndani. Nilibeba pia. Nilivua shati la ofisi nikabeba magunia na wanawake wa rika la mama yangu, na sikusikia uchungu wa mgongo kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na uchungu mwingine. Kila jioni mahindi yalikuwa na joto zaidi kuliko asubuhi. Shangazi alikuwa na chupa ya soda yenye chumvi kavu ndani. Anatia punje, anatikisa, kisha anainua chupa juu kwenye mwanga. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka. Ikishika ukutani mwa chupa, bado yana maji. Kila siku ilishika. Alifika mahali akawa hataki kuinua chupa, anaitikisa tu na kuiweka.

Mchungaji wa hapo akatupa kanisa. Waliondoa mabenchi yote, tukatandaza mahindi sakafuni kuanzia mlangoni mpaka chini ya mimbari, na Jumapili ibada ikafanywa hivyohivyo, waumini wamesimama kandokando ya kuta wasikanyage. Nilisimama nao. Mchungaji aliomba jua kwa jina, aliomba stima kwa jina, na alipoomba Mungu awaguse mameneja mahali popote walipo nilitazama chini. Punje zilizokuwa karibu na kiatu changu zilikuwa zimeanza kuwa na kijani kwenye ncha. Nikainama nikaokota moja, nikaikwangua kwa ukucha. Ni ukungu. Niliitia mfukoni, na nikaimba wimbo wa mwisho pamoja na wengine sijui hata nilikuwa naimba nini.

Mnunuzi wa kwanza alikuja, akachoma mkuki wake wa kuchotea punje kwenye gunia, akamimina punje kiganjani, akazinusa. Akazirudisha ndani ya gunia kwa adabu kabisa. "Mama, hii hapana," akamwambia shangazi. "Hii itaua mtu." Wa pili hakushuka hata kwenye gari. Wakati huo nilikuwa nimeacha kulala vizuri. Nilikuwa naamka Kitale na kitu cha kwanza ninachosikia ni swali la shangazi. Kama ningeweza kuuza pikipiki ya mradi ninunue transfoma ningeiuza, na wangenifunga, na ningekwenda nikicheka.

Kisha akaja mtu wa lori kutoka upande wa Endebess. Alisema ananunua mahindi mabovu, anayasaga, anauzia wafugaji kama chakula cha ng'ombe. Hakuogopa ukungu. Bei yake ilikuwa ya kuonea, lakini ilikuwa bei. Nilimwona shangazi akipumua. Aliketi kwenye gunia, kitu ambacho hakuwa amefanya muda mrefu, akasema, "Angalau wajukuu watakula kitu. Baba, Mungu hajalala." Yule mtu wa lori akasema atarudi kesho yake. Nikampigia Madam kumwambia tumepata njia. Nilitaka asikie kwamba tumejiokoa bila yeye.

Hakufurahi. Aliniuliza mara mbili hayo mahindi yanapelekwa wapi. Nikamwambia. Kesho yake asubuhi gari lake lilikuwa Kwanza kabla ya lori.

Alishuka akawasalimia wanawake mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mimi alinivuta pembeni. Akaniambia ukungu ule una sumu inayoitwa sumukuvu, na ng'ombe akiila haibaki kwa ng'ombe, inatoka kwenye maziwa. Maziwa ya Endebess, yale yaliyo kwenye tangi sasa, yanayopoa, yanayokwenda shuleni na kwa watoto wachanga. "Tukiacha hili lori liondoke," akasema, "tutakuwa tumewapa watoto sumu kwa mikono yetu wenyewe. Haya mahindi hayawezi kuuzwa. Lazima yafukiwe."

Nilimtazama yule mama. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia njiani au hakulala. Nilitafuta unyama wake nimwambie, nikaukosa. Mara ya kwanza alichukua stima kwa ajili ya maziwa, na alikuwa sawa. Sasa anachukua mahindi kwa ajili ya maziwa yaleyale, na yuko sawa tena. Mimi nilikuwa naona ghala moja, yeye alikuwa anaona ghala, lori, ng'ombe, tangi na mtoto wa shule wa Endebess mwenye kikombe. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi zetu, na siku hiyo niliielewa vizuri, na sikutaka kuielewa.

"Nani atamwambia shangazi yangu?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Ni kazi yangu."

Nikamwambia hapana. Sijui kwa nini. Labda niliona afadhali asikie kutoka kwa mtu aliyekula firigisi zake.

Nilimkuta anafunga magunia tayari kwa lori. Nilimwambia yote, habari ya sumu, ya ng'ombe, ya maziwa, ya watoto. Nilisema kwa lugha ya nyumbani. Hakulia na hakunipigia kelele, ningeomba anipigie. Aliendelea kufunga lile gunia alilokuwa amelishika mpaka fundo likakaza vizuri, ndipo akaketi chini, miguu imenyooka mbele. "Hata ng'ombe," akasema. "Hata ng'ombe haiwezi kula jasho yangu." Wanawake wengine walikuwa wamekaribia, wamesikia. Shimo walilichimba wenyewe nyuma ya ghala, mimi na Madam tukiwa humo na majembe, Madam kwa viatu vyake vya ofisi, na mahindi yalimwagwa yakafunikwa kwa chokaa na udongo ili mtu asije akayafukua kwa njaa.

Transfoma ya pili ilikuja baadaye, wakati mvua ilikuwa imeacha na jua linawaka kila siku mpaka mabati yanalia. Iliwashwa, draya ikanguruma vizuri mno, fundi akafurahi. Kwa upande wangu mradi ulikuwa umekamilika. Draya ipo, inafanya kazi, imejengwa kwa muda uliopangwa. Nilipewa pongezi kwa simu na mtu wa Nairobi ambaye sijawahi kumwona, nikamshukuru. Wageni wakapanga tarehe mpya.

Nilikwenda Kwanza asubuhi ya siku yao mapema, nikiwa na aibu ya kuwaonyesha ghala tupu. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kusema. Uwanja ulikuwa umefagiwa unang'aa vilevile. Wanawake walikuwa wamevaa sare zao. Nikaingia ghalani, na ghala lilikuwa limejaa. Magunia yamepangwa mpaka karibu na mabati, yamefungwa kwa mafundo yaleyale ya shangazi. Kwa muda mfupi nilidhani nimechanganyikiwa. Nikainua gunia moja la chini. Lilipanda mkononi mwangu jepesi kabisa. Nikapapasa. Ni magunzi. Walikuwa wameokota magunzi ya mahindi yao wenyewe, yale yaliyobaki shambani trekta ilipopukuchua, wakayajaza kwenye magunia yote, wakayapanga.

Wageni walifika, wakapiga picha wamesimama mbele ya magunia hayo. Mmoja wao alipiga gunia kofi la kirafiki, na likatoa sauti kavu ya gunzi, lakini hakujua sauti ya mahindi ilivyo. Madam alijua. Nilimwona akigeuka akanitazama, kisha akaweka kiganja chake kwenye gunia lililokuwa karibu naye, akakiacha hapo. Hotuba zilipoanza aliniomba nizungumze mimi kwa sababu draya ni yangu, na nikazungumza. Nilisema draya inafanya kazi. Ilikuwa kweli. Watu wakapiga makofi.

Wakati wa chakula, wanawake walikuwa wamechinja kuku, sijui waliwatoa wapi. Nilikwenda jikoni kumtafuta shangazi, kama siku zote, nikataka kukaa kwenye kigoda karibu naye, nimwambie samahani, au nimwambie hilo la magunzi limenivunja moyo, au nisiseme chochote. Alikuwa anapakua. Alinyoosha mgongo akanitazama, uso wake mkavu, wenye heshima yote anayompa mgeni. Sahani niliyopewa ilikuwa na mguu na shingo. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya mgeni mwingine.

"Meneja," akaniambia, "viti vya wageni viko nje."